Tochi ya pete ya funguo: lumeni 1000 au 100?

*"Asalaam aleikum fundi. Nafanya kazi jikoni kwenye nyumba moja ya wageni Shela, kisiwani Lamu, na nyumbani ni Langoni, mjini Lamu. Natoka kazini saa nne za usiku, na mara nyingi narudi kwa miguu kwa njia ya ufuoni, maana boti usiku ni ghali. Nataka tochi ndogo ya kuning'iniza kwenye funguo. Dukani nimeonyeshwa mbili, bei karibu sawa. Ya kwanza inachajiwa kwa waya wa simu, ina viwango vitano vya mwanga, na boksi limeandikwa lumeni 1000, saa 60, haiingii maji. Ya pili inatumia betri moja ya AAA, ina viwango vitatu, imeandikwa lumeni 100 tu. Muuzaji anasema hiyo ya pili imepitwa na wakati. Mume wangu anasema nisitupe pesa, simu ina taa. Nina miaka 53 na siku hizi usiku sioni kama zamani, ndiyo maana navutwa na ile ya 1000. Nichukue ipi, na nitajuaje kama sidanganywi?"*

Waalaikum salaam, dada yangu. Ukiniuliza kwa safari yako hiyo, ningechukua ile ya AAA, mradi ipite majaribio machache ambayo utaweza kuyafanya hapo hapo dukani. Ila naona swali lako lina mambo matatu ndani yake: ukweli wa maandishi ya boksi, tochi inayofaa njia ya Shela, na macho yako. Hili la tatu halitatuliwi na tochi yoyote, nitalifikia.

Tuanze na hiyo 1000. Lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga unaotoka kwenye taa. Mwanga wote wa tochi unatoka kwenye betri, na betri inayoenea kwenye tochi ya ukubwa wa kidole ina akiba ndogo mno. Betri ya AAA ya kuchajiwa hubeba takriban miliampea-saa 800 hadi 900 kwa volti 1.2, yaani karibu wati-saa moja (akiba ya kutoa wati moja kwa saa moja). Betri ya lithiamu inayofichwa ndani ya tochi za pete ya funguo mara nyingi ni ya miliampea-saa 100 hadi 300 kwa volti 3.7. Ile kubwa nayo ni wati-saa moja na kidogo, na ile ndogo haifiki hata nusu. Kwa hiyo usidhani kwamba kuchajiwa kwa waya kunaiongezea tochi nguvu.

Sasa fanya hesabu. Taa ya LED iliyo nzuri, ukitoa kinachopotea kwenye saketi na kwenye kioo, hukupa karibu lumeni 100 kwa kila wati. Wati-saa moja basi ni lumeni 100 kwa saa moja, au lumeni 10 kwa saa kumi, au lumeni 1000 kwa dakika sita. Na dakika sita hizo ni za kwenye karatasi, kwa sababu lumeni 1000 zinataka wati kumi zipite ndani ya kipande cha alumini cha urefu wa kidole, na sehemu kubwa ya wati hizo hugeuka joto. Muda si mrefu mkono hauwezi kukishika.

Simsemi vibaya muuzaji wako. Zipo tochi za kweli za pete ya funguo zinazofikisha lumeni mia kadhaa. Lakini zinafika hapo kwa dakika moja au mbili tu, kisha saketi yenyewe inateremsha mwanga ili isiungue, na baada ya hapo unatembea na lumeni mia moja au chini yake. Tochi za namna hiyo si za bei chee, na mtengenezaji wake huandika kwenye boksi muda wa kila kiwango. Ile yenye namba moja kubwa iliyochapwa kwa wino mwekundu, bila jedwali lolote, huwa imetungiwa namba na mtu ambaye hajawahi kuipima.

Kuna utaratibu unaotambulika wa kupima tochi, unaitwa ANSI FL1, ulitolewa Marekani mwaka 2009 na umerekebishwa baadaye. Kwa utaratibu huo lumeni husomwa kati ya sekunde 30 na dakika mbili baada ya kuwasha, ili mtu asijisifie mmweko wa kwanza. Muda wa kuwaka huhesabiwa mpaka mwanga ushuke hadi asilimia 10 ya ulivyoanza. Hapo paangalie vizuri: tochi iliyoanza na lumeni 100 na imebaki na 10 bado inahesabiwa inawaka. Na "saa 60" karibu kila mara ni za kiwango cha chini kabisa, wakati "lumeni 1000" ni za kiwango cha juu kabisa. Boksi huziweka bega kwa bega, lakini ndani ya tochi haziwaki pamoja hata siku moja.

Tuje kwenye njia yako. Kutoka Shela hadi Langoni ni kilomita tatu na ushei, tuseme dakika arubaini na tano kwa mtu aliyechoka na kazi ya jikoni. Wewe unaijua kuliko mimi: kamba za mashua zimevutwa kutoka majini hadi kwenye vigingi, zinakatiza njia usawa wa goti; ukuta una ukijani wa mwani unaoteleza; na maji ya bamvua yakijaa, kuna sehemu njia yenyewe haipo, unapanda juu au unavua viatu. Pale unahitaji kuona hatua tatu nne mbele yako, kwa utulivu, muda wote. Kazi hiyo inafanywa na lumeni 10 hadi 20. Mwanga mkali unautaka kwa sekunde chache tu, ukitaka kujua kile cheusi kule mbele ni mashua iliyopandishwa au ni mtu.

Jicho nalo halihesabu mwanga kama tunavyohesabu shilingi. Ili mwanga uuone umezidi maradufu, lumeni zinatakiwa zizidi takriban mara nne. Tochi ya 400 kwa macho yako ni kama mara mbili tu ya tochi ya 100, na inafika mbali mara mbili tu, ikiwa kioo ni cha namna moja. Akiba ya betri lakini inakwenda mara nne kwa kasi. Biashara hiyo haina faida.

Halafu kuna hasara ambayo watu hawaiwazi. Jicho huchukua kama nusu saa kuzoea giza sawasawa. Ukimulika lumeni 500 kwenye ukuta mweupe wa chokaa mbele yako, mazoea yote hayo yanafutika kwa muda mfupi, na ukizima unabaki kipofu katikati ya njia huku kamba inakungoja. Ukimulika kidogo, miguuni, unaona na ukingo wa maji pembeni, na boti zilizotia nanga, na mtu anayekuja. Usiku wa mbalamwezi hata lumeni moja inatosha. Ndiyo maana mimi nikipewa tochi ndogo naanzia kiwango cha chini. Kama kiwango chake cha chini ni lumeni 50, kwangu hiyo ina kiwango kimoja tu, hata kama boksi limeandika vitano. Mara nyingi katika hivyo vitano, viwili ni vya kumetameta na kutuma ishara ya hatari. Kwenye vichochoro vya Langoni vya upana wa mikono miwili, kumetameta kutamshtua punda aliyelala na kuwaudhi wazee wa barazani, basi.

Mpangilio wa viwango una maana kuliko idadi. Tochi yako iwake kwanza kwa mwanga mdogo, kisha wa kati, kisha mkubwa. Ile inayoanza na mkubwa itakupiga mwanga usoni kila unapotafuta tundu la kufuli. Nyingine hukumbuka kiwango ulichokiacha; ni sawa pia, ilimradi unajua umeacha wapi. Za AAA nyingi huwashwa kwa kuzungusha kichwa: unazungusha, unalegeza, unazungusha tena haraka, na kiwango kinapanda. Hiyo inataka mikono miwili, na kwako ni kasoro ya kweli ikiwa umebeba kikapu. Za kitufe zinataka kidole kimoja, lakini ndani ya mkoba kitufe hubonyezwa na funguo na unaikuta betri imekwisha. Ukinunua ya kitufe, legeza mkia wake robo mzunguko unapoiweka mkobani. Kwenye tochi iliyotengenezwa vizuri, hesi zake zimepakwa rangi ngumu isiyopitisha umeme, kwa hiyo ukilegeza kidogo tu njia ya umeme inakatika.

Sasa betri, maana hapa ndipo uamuzi wenyewe ulipo. Kwa lumeni 15, ile wati-saa moja inakupa kama saa sita. Usiku sita wa dakika arubaini na tano ni saa nne na nusu. Kwa hiyo betri moja ya AAA ya kuchajiwa inakutosha wiki nzima, na ukiwa na mbili, moja kwenye tochi na nyingine nyumbani imejaa, stima ikipotea siku mbili huna habari. Tafuta zenye maandishi NiMH ubavuni na chaja yake. Chaja ndiyo gharama ya ziada, na usifiche kwenye hesabu yako ya bei.

Betri za kutupa za alkali ni nzuri kwa dharura, ila usiziache ndani ya tochi miezi kadhaa. Huvuja, na maji yake hula chuma. Ikitokea, futa kwa pamba yenye siki au ndimu, kisha kwa pamba yenye maji matamu kidogo, ukaushe sana. Zile za bei rahisi kabisa za kaboni na zinki hubeba nusu ya alkali au chini yake na huchoka upesi mwanga ukiwa mkali; kwa redio sawa, kwa tochi hapana. Na jambo moja la hatari: zipo betri za lithiamu zenye namba 10440 ambazo umbo lake ni lile lile la AAA. Zikijaa zina volti 4.2. Ukiitia kwenye tochi iliyotengenezewa volti 1.5, itawaka kwa uzuri wa ajabu, halafu itaungua. Kama boksi halijasema inakubali, usijaribu hata kwa kushawishiwa.

Na ile ya kuchajiwa kwa waya? Ina haki yake. Chaja unayo tayari, ile ya simu, na ukiwa na sola ndogo juu ya dari unachaji mchana. Kama huna nafasi wala pesa ya chaja ya AAA, na ukaipata yenye maelezo ya kweli ya lumeni 200 au 300, ichukue bila wasiwasi. Kasoro zake ni mbili. Betri ya ndani huchoka baada ya miaka michache ya kuchajiwa kila wiki, na kwenye nyingi haibadilishiki: kifuniko kimegundishwa. Ya pili ni tundu la kuchajia, na kwetu hapa tundu lolote ni mlango wa chumvi.

Maandishi ya "haiingii maji" bila namba hayana thamani. Namba ndiyo hukuambia: IPX4 ni kurushiwa maji, IPX7 ni kuzamishwa hadi mita moja kwa dakika 30, IPX8 ni zaidi ya hapo kwa kina ambacho mtengenezaji anakitaja. Lakini majaribio hayo hufanywa kwa maji matamu, tochi ikiwa mpya. Maji ya bahari yana adabu nyingine. Tochi ikiingia maji ya chumvi usiifungue, usiichaji. Ioshe ikiwa imefungwa, kwa maji ya kisima au ya mfereji, iache ikauke, ndipo uifungue uitazame. Ukichomeka waya kwenye tundu lenye unyevu wa chumvi, vile vipini vya ndani huliwa haraka, na mafundi tunaletewa za namna hiyo kila mara, tundu limejaa ukijani.

Ile pete ya chuma nayo ikigusana na alumini kwenye unyevu wa chumvi hula alumini taratibu. Utaona unga mweupe pale kwenye tundu la kuning'inizia. Weka kipande cha uzi imara katikati ya pete na tochi, umemaliza. Mara moja moja paka ule mpira wa mviringo kwenye hesi grisi ya silikoni kidogo. Mafuta ya kujipaka ya petroli yaache, baadhi ya mipira huvimba nayo. Na tochi ikianza kuwaka na kuzima, kabla hujasema imekufa, safisha ncha za betri na hesi kwa pamba yenye spiriti. Nyingi zinazoletwa kwa fundi kama "mbovu" ni uchafu tu.

Mumeo hakukosea moja kwa moja. Taa ya simu inatosha kabisa ndani ya nyumba na kwenye ngazi. Ubaya wake ni njiani: unashika chombo cha bei mara nyingi ya tochi, kwa mkono wenye jasho, kando ya maji, na betri ile ile ndiyo ya kupigia simu ukipatwa na jambo. Mwambie tochi inanunuliwa ili simu ibaki mkobani.

Ukienda dukani, omba betri itiwe na uijaribu palepale. Kinga tochi kwenye kiganja, washa, uone kiwango cha kwanza ni kidogo kweli. Ingia pembe yenye kiza ya duka, pitisha vidole ulivyovitawanya haraka mbele ya mwanga kwenye kiwango cha chini: ukiona kivuli kimekatika-katika kama picha nyingi, saketi inapunguza mwanga kwa kuwasha na kuzima kwa kasi. Wengine haiwasumbui, wengine huwaumiza kichwa kwa mwendo mrefu. Tazama pia rangi. Mwanga wa buluu kali hufanya mwani mbichi na jiwe kavu vifanane. Mwanga wenye umanjano kidogo hukutofautishia, na kwako hilo lina uzito. Kisha iwashe kwenye kiwango cha juu kabisa, uishike dakika tatu huku mnapatana bei. Ile ya "1000" ikibaki baridi kama ilivyokuwa, ujue haitumii wati kumi wala tano, na hiyo namba ni ya kuuzia. Ikichemka hadi uiachie na haijishushi mwanga yenyewe, iache pia. Ukishamaliza, funga funguo zako, zitikise kwa nguvu, uone kama inajiwasha.

Ukikabidhiwa ya kuchajiwa, mara za kwanza ichaji ukiwa macho na mbali na godoro. Ikivimba, ikitoa harufu tamu ya dawa au ikipata moto wakati wa kuchaji, ichomoe, itoe nje juu ya mchanga au saruji, usiitoboe, na umpelekee fundi aitazame. Na kama muuzaji atakupa kitochi cha bure cha betri za kifungo kama nyongeza, usikiache mahali wajukuu wanafikia. Betri ya kifungo ikikwama kooni huunguza ndani ya saa mbili. Mtoto hupelekwa hospitali papo hapo, hata kama anacheza na halii.

Nimebakisha macho yako. Kwa umri, mboni haipanuki gizani kama ujanani na lenzi ya jicho huingia umanjano. Hukadiriwa kwamba jicho la miaka 60 hupokea kama theluthi moja ya mwanga unaofika kwenye jicho la miaka 20. Kwa hiyo kuona hafifu kidogo usiku kwa miaka 53 si ajabu, na mimi ningekushauri uchague tochi ambayo kiwango chake cha kati kinafika lumeni 30 au 40, ili upande ukihitaji. Lakini umeandika "siku hizi", na hilo neno limenisimamisha. Mabadiliko ya haraka yanaweza kuwa mtoto wa jicho, yanaweza kuwa sukari, yanaweza kuwa upungufu wa vitamini A, na mimi ni fundi wa taa, siwezi kuyatofautisha. Nenda kliniki ya macho hospitali ya kaunti, omba na sukari ipimwe. Mwambie daktari kama taa za boti unaziona zimezungukwa na miale au ukungu, kama shida iko jicho moja au yote mawili, na ilianza lini.